Ulimi wa Bizimu

Mizani yangu haidanganyi; mimi ndiye mwenye siri.
Siku ya mnada, vijana wakishusha viroba vya chuma chakavu
hapa uani kwangu, Kondoa, ng'ambo ya mto,
hupekua kwanza kwa ncha ya kiatu.
Rimu za baiskeli, majembe yaliyokwisha, sufuria bila kitako:
hivyo ni vya mizani. Kilo, bei, kwaheri.
Ila kikilia kitu kidogo, kwa sauti isiyo ya hapa,
nainama, nakitia mfukoni kabla hakijapimwa,
namwongezea kijana mia tano asiniulize.
Usiku nakisugua kwa ndimu na majivu.

Nina vikuku kumi na viwili, hakuna pacha.
Nina lijamu tatu; moja ina alama za meno bado,
pitisha kidole, utamsikia farasi akitafuna.
Nina pete za nusu mwezi, na vijisumari vya shaba
vilivyoshika ngozi ambayo fisi waliimaliza mwaka ule ule.

Mke wangu Mwasiti huuliza:
"Seruji iko wapi? Farasi yuko wapi?
Nyumba hii hata punda haijapata kufuga."
Namwambia, farasi wako chini ya alizeti yako.
Walishuka na masika ya vita, wanene, wanang'aa,
kutoka Kolo hadi Bicha barabara ikanuka jasho lao.
Mbung'o wakawapokea.
Haukupita muda, waliopanda wakawa wanatembea.

Watu walikata ngozi wakashona makubadhi,
chuma wakakipa kazi:
kikuku kikawa kengele ya fahali,
lijamu ikaning'iniza kibuyu cha maziwa,
bizimu la Mjerumani na bizimu la Mwingereza
yakafunga mlango mmoja wa zizi.
Mbuzi hawakuuliza.

Mimi sikusoma sana. Najua kusoma kulika.
Kikuku hulika chini, pale soli ilipokanyaga;
cha kushoto hutangulia, maana huko ndiko hupandiwa.
Bizimu la mkanda wa tumbo hulika ulimi,
kwa pumzi, pumzi, pumzi ya mnyama.

Juzi akaja Bi Mwasu Kidolezi, kutoka Mnenia,
kitu kimefungwa kwenye pindo la kanga.
Bizimu. Pana, zito, ulimi mmoja.
Nikasema upesi, kama fundi anayejisikia:
"Mkanda wa tumbo. Farasi mkubwa."
Hakusema neno.
Nikaligeuza kwenye mwanga.
Ulimi umelika upande usio wake,
na fremu imepinda, imefuata mfupa,
mfupa mwembamba kuliko wowote wa farasi.

"Farasi alikufa," akasema, "mzigo haukufa.
Babu alifungwa mkanda huu, hapa,"
akajigusa bega la kulia.
"Alikwenda nao hadi Kilosa, akarudi.
Bega halikunyanyuka tena.
Alikula kwa mkono wa kushoto,
na sisi watoto tulichapwa kwa kumwiga."

Nikataja bei. Nakiri, nilitaja.
Akacheka kidogo, akanyoosha kiganja.
"Siuzi. Nimeambiwa wewe unasoma vyuma.
Nilitaka mtu mwingine alisome."
Akalifunga tena, mafundo mawili,
nauli akaikataa, akashika njia.

Nina daftari. Lina safu nne:
kitu, kilikookotwa, uzito, kilivaliwa na nani.
Safu ya mwisho niliijaza siku moja, mwaka niliolinunua,
ukurasa hadi ukurasa, kuokoa muda:
farasi, farasi, farasi, farasi.

Sasa hivi ni saa saba usiku.
Mwasiti ameniita mara mbili, amechoka kuniita.
Nimemwaga sanduku lote juu ya mkeka,
nachukua kimoja kimoja, nakisogeza kwenye taa,
kalamu mkononi.
Pete ya tisa inanitia shaka.